Nunu Anacheza Kuwa Mimi

Malindi, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Wete, na lile goti liwe limepoa. Mie mwili salama, alhamdulillahi. Tumbo limeshuka, Bi Salma mwenye nyumba anasema wakati wowote sasa. Hataki hata niinue ndoo ya maji.

Mama, hebu nikwambie lililonipata jana baada ya adhuhuri. Nlikuwa juu dirishani nnashona, watoto wa nyumba wanacheza uani. Nunu, mjukuu wa Bi Salma, kajifunga kanga yangu niliyoianika, kajitia mto tumboni, anapika mchanga kwenye kifuu huku anaimba. Nkacheka peke yangu. Kumbe nyuma yake wenziwe wamelaza mchi wa kinu, wameufunika shuka, wanaulilia na viganja midomoni. Nunu akigeuka, wote kimya, wanamchekea: "Hujambo, bibie? Usiiname, kaa upumzike." Akirudi kwenye kifuu chake, wanalia tena. Nywele zikanisimama.

Nkateremka. "Nunu, wewe nani?"

"Mie ndiye wewe, Bi Raya."

"Na huyo aliyefunikwa?"

Akautazama mchi, akatikisa kichwa. "Mie sijui. Mie siambiwi mpaka nizae."

Bi Salma akatoka jikoni na ufagio. "Mashetani nyie! Kachezeni kibe huko nje!" Kisha akanigeukia, anacheka. "Usiiname, bibie, kaa upumzike." Maneno yaleyale, mama, na sauti ileile.

Hamadi wangu yuko Mtwara, kazini bandarini, na barua zake zimekatika. Kila nikiuliza naambiwa posta mbovu. Na wewe, katika barua yako ya mwisho, hukumtaja kabisa mkweo, wewe usiyelala bila kumwombea. Unajua, mama?

Desturi naijua, mwenye mimba hafikishiwi msiba asije akadhurika. Mmenionea huruma. Lakini mmesahau kwamba mjane mwenye mimba eda yake, kule kukaa ndani bila mapambo, inakwisha akijifungua? Mkinyamaza mpaka hapo, ntakuwa nimeimaliza eda ya mume wangu bila kuikaa. Mtakuwa mmeninyang'anya, mama, na hilo sitawasamehe. Nna hasira, na nnaogopa.

Basi leo nimevua dhahabu, nimefuta wanja, nimefunga mlango, nimekaa. Sikumwambia mtu. Bi Salma anagonga, simwitiki. Sasa hivi nimechungulia uani: Nunu naye kakaa pembeni peke yake, kavua bangili zake za plastiki, hapiki tena.

Nisalimie shangazi, na kaka yangu mkubwa mwambie akusindikize kwenye meli. Usije na vikorombwezo vya uzazi kwanza. Kama Hamadi yu hai, mwambieni aje mwenyewe aufungue mlango huu anicheke, ntafurahi kuchekwa. Kama sivyo, njoo unambie kwa mdomo wako, kabla mtoto hajakutangulia.

Mwanao,
Raya