SW na DZ

Mama yangu,

Shikamoo. Vipi miguu, ingali yavimba? Mimi mwili mzima, ila naandika mbiombio, ndiyo maana kombokombo. Keti kwanza kabla kaka Athmani hajakusomea mbele.

Unajua niliing'ang'ania nyumba hii ya Al-Nuzha, hapa Jeddah, kwa kuwa ajenti alisema ndimo alimokuwa mdogo wangu Rehema kabla ya kupotea. Siku ya kwanza madam akaniapia, "Wallahi, Kenya mafi, hakuna! Wewe wa kwanza." Nikakata tamaa. Ndiyo maana sikubisha mliposema mwataka kumsomea hitima.

Humu ndani tuko wafanyakazi wa kike wawili. Mwenzangu ni Dema, wa Bhutan, nchi ya milimani karibu na Uhindi. Kiarabu chake ni "yalla" na "halas" tu, yaani haya na basi. Nikimsemesha, anikodolea macho mpaka naudhika. Nilidhani ana upungufu, maskini.

Leo madam alitoka. Nikainua gunia la mchele nifagie, nikakuta simu, yawaka. Kwenye kioo pana lugha mbili za kutafsiri: SW na DZ. Mama, nilishtuka! SW si sisi? Nani alisema Kiswahili humu kabla yangu? Na DZ nilidhani Aljeria, maana dereva wetu ana fulana ya mpira ya nchi hiyo yenye herufi hizo.

Dema akaingia, uso ukamwiva. Nikamwonyesha DZ. Akajipiga kifua, "Dzongkha!" Kumbe ndiyo lugha ya kwao. Akaandika kwa herufi zao, chini kikatoka Kiswahili:

"Una uso wa Rehema. Niliogopa wewe ni mtu wa madam."

Nilikaa sakafuni, Mama. Nikaandika, "Yuko wapi?"

Akaendelea: walikuwa wakiandikiana hivyo kila siku, hadi Rehema alipochoka na vipigo akatoroka. Yuko Riyadh, mtaa wa Manfuha, anafulia watu. Hana ikama, kile kibali cha kukaa. Kafili, yaani mwajiri wake, alimnyang'anya simu yenye namba zetu zote, ndiyo maana hakutupigia.

Dema akampigia. "Nani?" Sauti ile ile ya puani! Nikamwambia ni mimi. Akalia weee, kisha akauliza, "Mama angali hai?"

Atarudi vipi bila karatasi, sijui bado. Ijumaa madam akinipa simu husimama ubavuni, kwa hiyo haya siwezi kuyasema. Naandika chooni, Dema atapiga picha amtumie Athmani.

Nisalimie shangazi mpishi, aache kulia. Maalimu wa madrasa mwambie hitima halas.

Na yule mbuzi wa hitima msimchinje. Mfungeni uani, amngoje mwenyewe.

Mwanao,
Mwanajuma