Kupe wa Ng'ombe wa Mahari

Kianda, Kibera
Jumatatu, 9 Juni 2025

Senge mpendwa,

Hujambo huko Kabiro? Presha imeshuka? Simu zangu unazikata, kwa hivyo naandika; Risper wa mboga atakukabidhi mkononi.

Wiki tano za ndoa, na bado nikimwona Wanzala moyo unanienda mbio! Lakini homa imerudi mara ya tatu. Kliniki waliona vimelea kwenye damu wakasema malaria, kwa sababu tulitoka harusini Bungoma. Dawa amemaliza mara mbili. Sasa mkojo wake ni mweusi kama chai ya strungi, isiyo na maziwa.

Leo tumeenda kwa Wamuyu, wa maabara ya utafiti. Aliuliza kama Wanzala ameshika mifugo. Nikakumbuka: siku ya mahari alishinda akimtoa yule ng'ombe kupe, mmoja mmoja, akiwaponda kwa kucha, ili apendeze mbele ya baba yangu. Nani amewahi kupendwa hivyo? Wamuyu anasema kuna vimelea vya kupe ambavyo kwenye hadubini hufanana na malaria. Wanajaribu kipimo kinachotafuta protini ya vimelea hivyo kwenye damu na mkojo. Damu amechukua, kesho nampelekea mkojo.

Aliuliza pia kuhusu kovu refu la tumboni. Wanzala anasema aliumia akicheza mpira tu. Wewe shangazi yake ndiye uliyemlea. Ni nini?

Mke wa mwanao,
Nasike

Kabiro, Kawangware
11 Juni

Nasike,

Sisi wazima, Mungu ni mwema. Nyinyi je?

Mambo ya kovu achana nayo. Na tangu lini mke akabeba mkojo wa mumewe kuwapelekea watu asiowajua? Unajua wataufanyia nini? Mtoto wangu hakuwa akiugua hivi kabla ya kukuoa. Jumamosi nakuja na Pasta Nashon tumchukue, afunge siku tatu hapa kwangu. Wewe bibi arusi wa juzi, utanifundisha mimi kulea?

Senge yako

Kianda
12 Juni

Senge,

Natumai umeamka salama.

Mkojo nimeubeba. Kichupa nilikiweka kwenye kikapu nilichopewa harusini, nikakikumbatia kama keki. Mistari miwili imetokea! Usipige vigelegele, si kipimo cha mimba. Protini ya vimelea vya kupe imo kwenye mkojo na kwenye damu. Kwa kuwa kipimo bado kinajaribiwa, daktari wa hospitali ameangalia damu upya kwa hadubini. Si malaria. Wanzala amelazwa.

Jumamosi usije kumchukua. Nimewaambia wauguzi mimi ndiye mke, cheti ninacho, na hatoki bila sahihi yangu. Afunge, mtu asiyeweza hata kumeza uji? Omba, Senge, hata mimi naomba, lakini habanduki kwenye dripu.

Daktari anataka kujua habari za kovu. Akifa, utakuwa wewe ndiye uliyenyamaza.

Mke wa mwanao,
Nasike

Kabiro
13 Juni

Nasike mwanangu,

Mgonjwa anaendeleaje? Sijatia kitu mdomoni tangu Risper aniletee barua.

Akiwa na miaka kumi na miwili alianguka kutoka juu ya lori la miwa. Wengu ulipasuka, wakautoa. Walisema atakuwa mwepesi wa kuugua. Nikamkataza kusema. Nani angempa binti yake mwanamume aliyepungua kiungo? Niliogopa mtamkataa.

Mwambie daktari. Naomba nije nimwone. Bila Pasta.

Senge

Wodini
22 Juni

Senge yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nilimsomea daktari pale pale. Alisema kwa mtu asiye na wengu ugonjwa huu huua, akaongeza dawa, akamtia na damu. Siku ya nne homa ilishuka. Leo Wanzala ameniuliza, "Sasa mrembo, kweli ulikumbatia mkojo wangu?" Nikambusu mbele ya wodi nzima. Wazee wakakohoa!

Lakini nimekasirika, usifikiri sijakasirika. Ningeolewa naye hata angebaki na nusu ya matumbo. Hajapungua popote. Aibu hiyo ni yako, mimi siibebi.

Njoo kesho saa saba, saa ya kuona wagonjwa. Leta uji wa wimbi. Ila kiti cha karibu na kichwa chake ni changu. Wewe utakaa upande wa miguu.

Mke wa Wanzala,
Nasike