Ukurasa wa Pili

Litumbandyosi, Jumatano

Shemeji, mume wa dada, yuko ndani, na mimi ndiye niliyemtuma.

Jumapili aliua nguruwe pori aliyekuwa anamaliza mahindi yake. Majirani wakiua, wanakula na kunyamaza. Mimi, mwalimu mzima, nikamsomea karatasi ya kanuni: ukiua mnyama shambani, toa taarifa. Akatii. Jana akaenda Mbinga kwa bwana nyama, afisa wa wanyamapori, na gobole, bunduki ya marehemu baba yake, begani, ili aeleze vizuri.

Wakamwuliza kibali cha gobole. Hana.

Leo dada amekuja. Hakulia. Aliniuliza tu, “Kaka, ile karatasi ulimsomea yote?”

Ukurasa wa pili unahusu silaha. Sikuufikia. Dada alikuwa ameshatenga ugali, na nyama ya yule nguruwe.