Biskuti Zilizopiga Mswaki

Jumatatu, 3 Machi

Shikamoo.

Nimeishia hapo kwa sababu baada ya shikamoo panatakiwa jina, na mimi sijui nikuiteje. Hujambo lakini? Jana nilikusikia ukipiga chafya upande wa pili wa ukuta, natumaini ni vumbi tu. Mimi mzima, ila mdomo ndio mgonjwa. Tangu baba akuoe ukahamia hapa na mwanao, mwaka mzima sasa, nimekuambia “ndiyo”, “hapana” na “maji yamechemka”. Kwenye karatasi naweza kidogo. Naiacha hii chini ya kopo la sukari, maana ukitoka kwenda kufua mashuka ya hospitali mimi bado nimelala, na chai najua huikosi.

Shida ni mwanao, Mheshimiwa. Amealika darasa zima Jumamosi, siku yake ya kuzaliwa, na kawaambia dada yake ataoka zile biskuti zako za sherehe. Nikamuuliza mbona hakuniuliza. Akasema, “Nilikuuliza, ukanyamaza. Kunyamaza ni kukubali.” Baba yuko njiani na lori lake, kwenye simu anacheka tu. Mimi hizo biskuti sijawahi hata kuziona. Naomba unifundishe.

Binti wa Baba


Jumanne, 4 Machi

Marahaba, mwanangu.

Chafya ni ya sabuni ya kazini, si mafua. Ahsante kwa kuisikia. Jina lisikuumize kichwa, litakuja lenyewe au lisije, chai itanyweka tu.

Huyo Mheshimiwa simtetei, ubishi kaurithi kwa babu yake. Mimi Jumamosi nina zamu mpaka jioni, mwenzangu kajifungua. Kwa hiyo sherehe ni yako.

Ni kazi nyepesi. Piga siagi na sukari kwa mwiko mpaka rangi ipauke, tia yai na vanila kidogo, kisha unga, mpaka donge liache kung'ang'ania bakuli. Viringisha vidonge vikubwa kuliko gololi, vibonyeze, oka mpaka pembeni paanze kuwa hudhurungi. Ukizitoa tu, hapo hapo zikiwa moto, bandika peremende moja katikati ya kila biskuti. Usisubiri. Ikishapoa haishiki tena, hata uibembeleze. Kisha ziache zitulie, mkono wa mtu usiguse. Alhamisi jaribu chache, na mimi uniwekee moja.

Mama wa Mheshimiwa


Alhamisi, 6 Machi

Shikamoo. Pole na kazi.

Biskuti yako iko kwenye kisahani, ila usiile kabla ya kusoma.

Nilikwenda dukani nikaomba peremende. Muuzaji akaniuliza, “Nyumba nzima mna kikohozi?” Nikasema ndiyo, kwa sababu kusema hapana kungehitaji maelezo. Nikaja nikabandika zikiwa moto, kama ulivyosema. Mheshimiwa akang'ata, akasimama, akafumba macho. “Dada, hii biskuti inanipiga mswaki.” Akakimbilia maji, na maji ndiyo yakazidisha.

Kwa bibi nilikolelewa, peremende ni ile nyeupe inayowasha koo. Zilizobaki zote ni pipi. Na shuleni neno la Kiingereza la ile nyeupe, “peppermint”, linafanana nalo kabisa, nikajiona nimeelewa kwa lugha mbili.

Sasa nikwambie ukweli. Hata kabla ya Mheshimiwa nilishaonja, nikajua hapa pana kosa. Ulikuwa chumbani, nasikia redio yako. Nilifika mpaka mlangoni nikarudi. Nilikuwa tayari kuwalisha watoto wa watu dawa ya kikohozi kuliko kugonga.

Binti wa Baba


Ijumaa, 7 Machi

Marahaba.

Nimeila yote. Pua imefunguka, leo kazini nimenusa hata sabuni ya jengo la jirani.

Kosa ni letu sote wawili. Kwetu peremende ni kitamu chochote cha kumung'unya. Nilikusudia zile za chokoleti zenye ganda la rangi. Zimo kwenye mkoba wangu nyuma ya mlango wa chumbani kwangu, nilizinunua tangu mwezi uliopita. Ingia uchukue, sitakuwepo, hutalazimika kugonga.

Ila kesho wageni watagonga mlango wa nje, na wa kufungua ni wewe. Sema “karibuni”. Inatosha.

Mama wa Mheshimiwa


Jumamosi, 8 Machi

Shikamoo, Mama Peremende.

Usicheke kwanza. Hujambo? Hapa wazima wote, sakafu ndiyo mgonjwa.

Biskuti zimekwisha. Nilisema “karibuni” mara nyingi mpaka Mheshimiwa akaniambia, “Basi, Dada, wameshaingia.” Trei ya mwisho ilikuwa ndiyo kwanza imetoka, nabandika pipi haraka haraka zisije zikapoa, mama mmoja mshonaji aliyewaleta mapacha wake akachungulia jikoni. “Mikono hiyo, nani kakufundisha?”

Nilitaka kusema mama wa Mheshimiwa. Lakini ni refu, na biskuti zilikuwa zinapoa. Nikasema, “Mama.”

Mheshimiwa alikuwa chini ya meza na makombo yake. Akatoa kichwa. “Mama yangu huyo.” Akafikiri kidogo. “Na wake. Nimemgawia.”

Hakuna aliyecheka. Mshonaji akaomba nyingine.

Ila nimekaa nikawaza. Hilo jina la Mama lina mwenyewe, aliyenizaa, na hayupo tena kuniambia kama anakubali. Kwa hiyo nimeliongezea neno moja ili yasigongane. Kama hulipendi nitaelewa, nitarudi kwenye shikamoo tupu. Nimekuwekea biskuti mbili, za rangi nyekundu, kwenye kisahani kile kile. Nitaitia barua hii chini ya kopo nikishaisaini, utaikuta kesho na

Mlango unagongwa. Mheshimiwa anapiga kelele kwamba ni wewe, umesahau ufunguo. Nimemwambia akae. Nakwenda kufungua mimi.