Kuku wa Mjapani Jikoni Mwangu

Jumatatu, 2 Septemba 1946

Mahamri ya kuuza yamekwisha kabla jua halijapanda. Unga wa dukani una mchanga. Nimeuchekecha na kuuchekecha tena, bado meno yanasaga.

Salim hakula. Nilimwekea hamri la moto na mbaazi. Akalikata kati, akawatupia kuku kipande kipande, akidhani simwoni. Tangu mume wangu arudi kutoka Burma, kabla ya Ramadhani, anakula kama mtu anayetii amri. Shati lake la harusi sasa wangeingia wawili.

Mavyaa naye hatoki chumbani ila kutia udhu na kuanika nguo zake. Wanawe wawili walikwenda vitani, Salim na mdogo wake Bakari. Amerudi mmoja. Tunakaa ua mmoja hapa Mtongwe, watu wazima watatu, na kutwa nzima sauti inayosikika ni ya kuku.

Nimechoka. Sina wa kumwambia, naandika.

Jumanne, 3 Septemba

Leo amesema kitu. Nilikuwa napara samaki, akaja akasimama mlangoni mwa jiko.

"Rukia, ningepata kuku."

Nikamwambia kuku wapo, nitampikia wa nazi jioni hii hii. Moyo ulinidunda kwa furaha.

"Si wa nazi. Kama yule wa kule."

Akakalia mbuzi ya kukunia nazi, akanieleza. Kidari kinatolewa mifupa, kinapondwa hadi kiwe bapa. Kinapakwa unga, kinachovywa kwenye yai, kisha kinagaragazwa kwenye chenga za mkate. Kinakaangwa kwa mafuta mengi. Kinakatwa vipande virefu, vinalazwa juu ya wali. Ubavuni mwa wali, mchuzi wa bizari mzito, una mbatata na karoti, hauna nazi hata tone.

Mchuzi bila nazi! Nikamuuliza mpishi wake ni nani, nikidhani atanitajia Mhindi.

"Mjapani," alisema.

Nikageuka haraka kutazama chumba cha Mavyaa. Mlango ulikuwa umefungwa.

Jumatano, 4 Septemba

Nimemdadisi zaidi tukiwa kisimani. Vita vilipokwisha, kikosi chake kiliwekwa kulinda mateka wa Kijapani kando ya mto. Mmoja wao alikuwa mpishi, mtu wa makamo, kichwa kimenyolewa, jino la mbele limevunjika. Hawakujuana lugha. Walisemezana kwa mikono. Siku alipompikia yule kuku alimwonyesha kwa kidole akasema, "katsuretsu." Salim akadhani hakusikia vizuri. Akamrudishia, "katlesi?" Yule akatikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo, akacheka mpaka jino lile bovu likaonekana.

Katlesi! Kitu tunachokaanga kila Ramadhani. Neno limezunguka dunia likafika kwa Wajapani, nao wakalitia kuku ndani.

Nilicheka. Baadaye nikaona vibaya. Wajapani ndio waliomuua Bakari.

Alhamisi, 5 Septemba

Mavyaa amekwenda Likoni kumtazama mgonjwa. Nikaona ndiyo nafasi.

Boflo la mkate nililonunua asubuhi, laini, likagandana vidoleni. Nililifikicha hivyo hivyo. Kuku alipoingia kwenye mafuta chenga zikamtoka zote, zikaelea zikiungua peke yake. Mchuzi nao. Salim alisema unga unakaangwa kwanza kwa samli mpaka unukie, halafu bizari, halafu maji. Nikamimina maji yote kwa pamoja. Madonge. Jiko limejaa moshi, macho yananitoka machozi, nimeshika mwiko.

Salim akachungulia karaini. Akacheka. Kicheko chenyewe, cha tumboni, kile cha zamani. Nilikuwa nimekisahau.

Akala vipande kadhaa. "Si yenyewe," alisema, "lakini ni jirani yake." Kisha akanifuta unga kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Sikumbuki mara ya mwisho aliponigusa uso mchana.

Namwonea gere yule Mjapani. Naandika ukweli. Mtu nisiyemjua amemlisha mume wangu akala, na mimi mkewe nimeshindwa.

Jumamosi, 7 Septemba

Kosa lilikuwa mkate mbichi. Nimeukatakata, nimeuanika kwenye ungo juani, nimeufunika kitambaa kwa ajili ya kunguru. Mavyaa akauona. Shikamoo, marahaba, kisha akauliza mkate wote huo wa nini.

"Wa katlesi, Mama."

Ni kweli. Na si kweli. Sikupenda jinsi ulimi wangu ulivyokuwa mwepesi.

Jumapili, 8 Septemba

Siku mbaya.

Salim, kwa ile furaha yake mpya, amewasimulia wenzake barazani. Mmoja akamsimulia mkewe. Mkewe akakutana na Mavyaa. Basi.

Mavyaa amekuja uani bila kanga ya kichwani, jambo ambalo sijapata kuliona. Akachukua ungo wa mkate, akawamwagia kuku mkate wote. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Chakula cha waliomuua mwanangu. Kwenye ua wangu. Na wewe Rukia unaniambia katlesi."

Nikapiga magoti nimshike miguu. Akajitoa. Salim alikuwa amesimama mlangoni, mikono imening'inia. Hakusema neno. Hata neno moja.

Nina hasira naye kuliko niliyonayo na mtu yeyote.

Jumanne, 10 Septemba

Mavyaa anafunga vitu vyake. Ijumaa, baada ya swala, atakwenda Waa kwa kaka yake. Ati akakae huko mpaka Mungu atakapomchukua. Nikimpelekea chakula anakipokea mkononi mwangu bila kunitazama.

Salim karudi alikokuwa. Chai tu.

Nimemwambia aende akaongee na mamake. "Mwache," alinijibu. Ndipo nikapandisha sauti. Nikamwambia yule ni mama aliyezika bila maiti, hakuoshwa mtu, hakusaliwa mtu mbele yake, hajui mwanawe alilazwa wapi, na mtu pekee ulimwenguni anayejua analala chumba cha pili na hasemi. Nikamwambia hata mimi sijui. Nimeolewa na bubu.

Alitoka akaelekea ufuoni. Nimelia. Nimejuta lile neno bubu tu. Mengine sijuti.

Jumatano, 11 Septemba

Naandika yote, nisije nikayasahau.

Asubuhi nikabisha hodi kwa Mavyaa. Alikuwa kitandani na kibunda chake cha nguo. Sikujitetea. Nikamwambia nilimficha, nilikosa, anisamehe. Kisha nikamuuliza, kwa nini hajamuuliza Salim habari za Bakari.

Akaikunja nguo moja, akaikunjua, akaikunja tena. Mwisho akasema anaogopa jibu la kitu kimoja. Nikamuuliza kitu gani.

"Kama alikufa na njaa."

Nilitoka nikamshika Salim mkono, mtu mzima, nikamvuta kama mtoto mpaka chumbani kwa mamake. Nikataka kuwaacha. Mavyaa akasema, "Kaa, mwanangu." Nikakaa sakafuni.

Salim akasimulia akitazama mkeka. Walikuwa wanavuka kijito. Risasi ilimpata Bakari kifuani, hakusema lolote, hakuteseka. Salim alimzika kwa mikono yake. Hakukuwa na wa kumuuliza kibla, lakini jua lilikuwa linatua, na kutoka Burma Maka iko upande wa machweo. Akamlaza ubavu wa kulia, akamwelekeza huko.

"Alikuwa na njaa?" Mavyaa aliuliza.

"Hapana, Mama. Asubuhi ile tulikunywa chai na biskuti za jeshi. Alimaliza zake akala na zangu."

Mavyaa akatoa sauti. Sijui kama ni kicheko au kilio. "Ndiye huyo," alisema. "Ndiye huyo hasa."

Salim akaendelea bila kuulizwa. Tangu siku ile chakula kilimshinda. Hata vita vilipokwisha, sahani yake alikuwa akiwapa mateka. Hakuna aliyemuuliza, si ofisa wala wenzake, kila mtu ana wake wa kumlilia. Ila yule mpishi. Yule alimwona. Alimwonyesha sahani, akamwonyesha mdomo, akatikisa kichwa kwa huzuni. Baadaye akamwomba amtafutie kuku kijijini. Alipoletewa, hakumgusa. Akampa Salim kisu, akarudi nyuma akasubiri mpaka achinje mwenyewe. Nani alimwambia? Salim hajui mpaka leo. Kisha akapika. Akakaa chini mbele yake, mikono magotini, mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Kama ulivyokuwa ukinikalia nilipougua surua," Salim akasema. "Nilikula nikilia, Mama."

Mavyaa akauliza lile nililokuwa naliogopa. Je, kama ni mtu huyo huyo aliyempiga Bakari?

"Nilijiuliza kila siku. Sikujua wakati ule, na sasa sijui."

Kuku wakiparura nje. Mavyaa akanyoosha mkono akashika kifundo cha mkono wa Salim, akakizungushia vidole vyake, vikakutana na kuzidiana. Akakitazama kama mtu aliyepewa kitu kisicho chake.

"Miezi yote hii," alisema. "Mgeni alikuona. Mimi niko ua mmoja na wewe sikukutazama."

Salim akamlalia mapajani. Mwanamume mwenye ndevu. Nikatoka, nikawaachia chumba.

Ijumaa, 13 Septemba

Hakwenda Waa. Kibunda bado kiko kitandani lakini amekifungua kutoa leso.

Alhamisi, 19 Septemba

Alfajiri Mavyaa alinijia jikoni na kuku jike wake mwenyewe, yule mweusi mwenye shingo tupu, anayempenda. Miguu imefungwa. "Mwite mumeo achinje," alisema. Nikasema abee. Akaongeza, wala hakunitazama: "Hao siwasamehe. Usije ukadhani nimesamehe. Lakini huyo mmoja, Mungu amlipe."

Mkate mwingine nilikuwa nao, mkavu, nimeuficha tena kwenye mtungi. Nikaona haya kuutoa. Yeye akauchukua, akautwanga kinuni mapigo machache tu, akaacha chenga kubwa kubwa. Kidari alikiponda kwa mchi. Mimi nikakaanga unga kwa samli, polepole, mpaka ukawa rangi ya mchanga uliolowa na jiko likanukia kama la sikukuu. Nikatia bizari. Maji kidogo kidogo. Halikutokea donge.

Mavyaa akachungulia sufuria. "Mchuzi gani huu? Mzito kama uji wa mzazi. Na nazi mmeikosea nini?"

Salim akamjibu toka uani kwamba ndivyo ulivyo.

"Basi Wajapani wana taabu," alisema.

Chenga zilishika. Ziliingia kwenye mafuta na kubaki, zikageuka dhahabu, na kisu kilipopita zililia kra, kra. Wali ulikuwa mchache, siku hizi mchele haupatikani, tukaupanga sahanini ili uonekane mwingi. Salim akapewa wa kwanza. Tukakaa mbele yake wote wawili, mimi na Mavyaa, bila kupatana kabla. Akafunga macho. Akatafuna.

"Ndiyo," alisema. Hilo tu.

Akala akamaliza. Akaomba tena. Mavyaa akamhamishia vipande vyake, Salim akakataa, mamake akamlazimisha. Mwishowe Mavyaa naye akachovya kipande kimoja kwenye ule mchuzi, akakila chote, akajipangusa mdomo.

"Pilipili haitoshi."

Kucheka tulikocheka! Salim mpaka akapaliwa.

Ile gere imekwisha. Nilipokuwa naosha vyombo nilimwazia yule mtu, mwenye kichwa kilichonyolewa. Kama amefika kwao. Kama ana mke, na kama mkewe anamwona akila.

Jumamosi, 28 Septemba

Salim amepata kibarua cha uchukuzi bandarini. Leo alivuka na feri ya alfajiri. Nilimfungia muhogo na samaki, akarudisha chombo kitupu. Nilikinusa kuhakikisha hakumwaga. Hakumwaga.

Jumapili, 6 Oktoba

Mchana kumetulia. Salim amelala barazani, mdomo wazi. Mavyaa akaniita nimpake mafuta kichwani, kiwiko chake kinamuuma. Akakaa chini, nikakaa kwenye kigoda nyuma yake.

Akawa ananisimulia Bakari alivyokuwa mdogo. Aliogopa mvua. Aliwahi kumficha mbuzi wa jirani chini ya kitanda ili asichinjwe, na mbuzi akamfichua kwa kulia. Hadithi moja ikaleta nyingine. Nyingine amezirudia, nikamwacha.

Sikuwa nimewahi kumgusa nywele. Zimekuwa nyeupe karibu zote. Ni laini kuliko nilivyodhani.