Pesa ya Mama Iko Salama

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Siandiki "mpendwa". Neno hilo nimelirudisha kwa watu wengine.

Nakumbuka ile Jumapili baada ya misa, tumekaa karibu na bandari ya hapa Makiso tunakula samaki na chikwangue, ule mkate wa muhogo, nawe unanieleza kazi yako kama padri anayehubiri. Benki yenu ilikuwa inaziacha mashine zake, zile zilizozimika kila umeme ulipokatika. Akaunti za wateja zingetunzwa kwenye mashine kubwa za kampuni ya Ulaya, na kila tawi lingezifikia kwa intaneti.

"Tunaita le cloud," ulisema. "Hata vita ikichoma tawi, pesa ya mutu iko salama."

Nilikuamini. Sisi wafanyabiashara tuliotoka Butembo hatuamini upesi, lakini nilizunguka duka kwa duka nikikusifu. Mama yangu, aliyeuza vitenge Goma, aliweka kwenu faida yake yote. Ulipomtembelea alikupikia sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ukaramba vidole, ukamwita "mama mukwe" kabla hata ya mahari.

Kisha vita ikaingia Goma, na matawi yakafungwa. Mama alikuwa na mguu uliovunjika. Kwenye telefone aliiona pesa yake yote, lakini bila tawi la kumpa noti hakuweza kununua hata mkate. Nilikupigia. Wewe ulikuwa umeshafika Kinshasa.

"Pesa yake iko," ulisema. "Système iko inatembea muzuri."

"Mama iko na njaa."

"Bon, mimi niko fundi tu. Agizo la kufunga lilitoka juu."

Ningeweza kuishi na jibu hilo. Lakini dada yako alikuja Makiso akitokea Goma, akanisimulia bila kuona haya: "Kaka alinipigia mapema, akaniambia benki itafunga. Donc nikatoa yote." Nyumba yake na ya mama zilitazamana. Ulikuwa na namba zote mbili. Ulipiga moja.

Aliyemwokoa mama ni tonton yangu, mdogo wa marehemu baba, ambaye hajui cloud wala kompyuta. Alimpigia mwenzake wa biashara kule Goma: "Umupe shemeji yangu anachohitaji. Huku Makiso nitamupa ndugu yako unga wa bei hiyo." Jioni hiyohiyo mama alikula. Kisha akapanda lori, akapita Beni, akapita Bafwasende, akafika kwangu miguu imevimba lakini mzima.

Mashine zako sizichukii. Pesa ya mama haikupotea hata franga moja, na siku hizi mimi mwenyewe nawalipa wauzaji wa jumla kwa telefone. Zilifanya zilichoahidi. Kinachonitia kinyaa ni wewe, uliyejua litakalotokea na ukachagua nani aambiwe.

Sasa nasikia umerudi, una suti mpya, unawahubiria wafanyabiashara katika ukumbi wa hoteli. Umetuma mtu aulize kama unaweza kuja kumsalimia mama.

Nilimwambia mama kila kitu. Akasema, "Mwache akuje. Mutu hanyimwi chakula."

Basi njoo, mimi nikiwa dukani. Atakupikia sombe ileile. Mtazame usoni, halafu umeze, kama unaweza.

Aliyekuwa mchumba wako