Koti ya Mama Mnadani

Jumanne, 1 Julai

Nimefika nyumbani, nimevua viatu, nimeweka chai. Baridi ya Eldoret mwezi huu haina adabu. Koti yangu zipu imekufa na mfuko mmoja umebaki kuning'inia. Chebet, mwenzangu pale kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, ameniapia nisizunguke tena sokoni. Ati siku hizi nguo nzuri ziko kwa mnada wa mtandaoni. Amenisajili mwenyewe, na jina akanipa: Ua la Langas, kwa mtaa ninaokaa. Nina miaka arobaini na sita. Ua gani?

Mnada wenyewe ni hivi. Kila Jumanne na Ijumaa jioni, mwanamke anayejiita Dada Mnada anasimama mbele ya simu yake, anainua mtumba mmoja mmoja, anataja bei ya kuanzia. Watu wanaandika dau lao pale chini. Anahesabu moja, mbili, tatu. Ikifika tatu, mwenye dau kubwa ndiye mwenye nguo. Jumamosi unaenda kibandani kwake mjini, unalipa, unachukua. Usipoenda, unafungiwa nje na jina lako linasomwa mbele ya watu wote.

Rahisi. Ndivyo Chebet alivyosema. Nimekaa pale nikiandika na kila mara kidole kimechelewa. Nimeshinda blauzi moja tu. Nadhani wengine walikuwa wameenda kupika.

Ijumaa, 4 Julai

Nimeshinda sketi. Nilikuwa napandisha bei peke yangu na sikugundua. Chai imepoa. Nimeudhika.

Jumamosi, 5 Julai

Blauzi ingemtosha mtoto wa darasa la tatu. Sketi ina tundu mahali pa kukalia. Nikamuuliza Dada Mnada haya ni maneno gani. Akasema, "Nilionyesha hilo tundu, mrembo. Ulikuwa wapi?" Nilikuwa nageuza ugali, ndiko nilikokuwa.

Nimerudi dukani na hasira zangu. Chebet amecheka mpaka mteja wa misumari akatuangalia vibaya. Halafu akanipa mafunzo ambayo angenipa kabla, kama angekuwa mtu. Uliza vipimo vya kifua, mabega na urefu wa mkono, usisome herufi za kwenye lebo, maana M za hizi nchi si ndugu. Omba mfuko ugeuzwe nje na kwapa lionyeshwe. Weka mwisho wako kabla mnada haujaanza na ukifika hapo nyamaza. Na usishindane na mtu kwa sababu tu amekuudhi, hiyo ndiyo inafilisi wanaoanza.

"Nguo ni nguo," akasema. "Ikipita hii, nyingine inakuja."

Sketi nimeifanya tambara la dirisha.

Jumanne, 8 Julai

Siwezi kuandika vizuri. Nimeshika kalamu nikaiweka, nikaishika tena.

Mwisho wa mnada Dada Mnada alionyesha kidogo nguo za Ijumaa, za kutuonjesha. Akainua koti. Ya sufu, kijani iliyokolea. Vifungo vyeusi na kimoja cha kahawia. Akageuza mfuko nje, na ndani umeshonwa na kipande cha gunia la unga, maandishi bado yanaonekana. Ati hii ni ya zamani ya ukweli, imetoka majuu.

Majuu! Imetoka Soy, kwetu nyumbani. Hicho kifungo cha kahawia kilitoka kwa koti ya Baba, na nilikuwa nimekaa kando ya jiko kikishonwa. Hiyo ni koti ya Mama.

Kwetu nguo za marehemu hazichukuliwi ovyo. Kuna siku yake. Watu wanakaa, wazee wanagawa, kila mtu anashukuru na kuondoka. Siku ya kugawa nguo za Mama, mwaka juzi, mimi na Wafula, ndugu yangu mdogo, tulivutana juu ya hiyo koti mbele ya wageni. Yeye alisema ni yake kwa sababu ndiye aliyeinunua, na pesa yake ya kwanza ya maziwa. Mimi nikasema mtu hainunui koti halafu anaacha dada yake amuuguze mwenye koti peke yake. Tuliongea mambo mengi mabaya. Wazee wakachoka na sisi, wakampa Shangazi, dada ya Baba, ili fujo iishe. Fujo haikuisha. Wafula ako Kapseret na ng'ombe wake, mimi niko Langas, na tangu siku hiyo hatujasalimiana. Tukikutana matangani kila mmoja anaangalia viatu vyake.

Na sasa koti inauzwa kwa watu wasiojua hata inanuka nini.

Jumatano, 9 Julai

Nimempigia Shangazi. Hakuona haya hata kidogo.

"Nilipewa mimi, ikawa yangu. Kila nikifungua sanduku nasikia vile mlinipigia kelele mbele ya watu. Nikaiuza kwa mama wa mitumba hapa Soy, nikanunua vifaranga. Wanakua vizuri."

Nikamwambia angeniuliza kwanza.

"Na wewe uliniuliza lini hata kama nimeamka?"

Akakata simu. Mzee akisema ukweli inauma zaidi kuliko akikutukana. Vifaranga! Nimeshinda mchana mzima nikipima nyaya na kukosea. Mteja mmoja amerudisha waya yake mara mbili.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemwomba Dada Mnada aniuzie kabla ya Ijumaa, bei yoyote. Nikamweleza ni ya nani. Amesema pole sana, mrembo, lakini kila mtu akitaka kitu anakuwa na marehemu, na mnada ni mnada.

Nilifikiria kumpigia Wafula. Namba bado iko. Niliikodolea macho mpaka kioo kikazima. Angesema nini? Angesema ni yake, kama siku ile. Bure kabisa.

Nitainunua mwenyewe. Akuje aione nimeivaa kwa harusi ya binamu, mbele ya wale wale wazee. Nimeweka mwisho wangu, kama Chebet alivyosema. Mwisho wangu ni pesa yote ya kitanda kipya. Nitalala kwa hiki cha zamani.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeshindwa.

Nilianza vizuri. Watu walikuwa wengi, wakapungua, wakapungua, tukabaki wawili. Mimi na mtu anaitwa Kapteni. Nikiweka dau, Kapteni anaweka juu yake kidogo. Hata haongezi vya maana, kidogo tu, ya kunikera. Dada Mnada alikuwa anapiga makofi. "Ua la Langas, unamwacha Kapteni akuonee hivi?"

Nikampita. Akanipita. Nikaandika pale chini, mbele ya watu wote, kwamba kuna watu hawana haya, wana pesa ya kuchezea. Kapteni akajibu kwamba mabroka, wa kununua na kuuza tena, ndio wameharibu huu mnada. Broka! Mimi!

Nilifika mwisho wangu. Nikaupita mwisho wangu. Chebet alikuwa amenitumia ujumbe: NYAMAZA SASA. Sikunyamaza. Nikaweka na pesa ya stima. Kapteni akaweka dau kubwa, mara moja, kama mtu anayefunga mlango.

Moja. Mbili. Nilikuwa nimeshika simu na sina kitu cha kuandika. Tatu.

Nimelia. Nimelia kuliko siku ya mazishi, maana siku ile nilikuwa na kazi ya kugawa chakula.

Jumamosi, 12 Julai

Niliomba ruhusa dukani, nikaenda kibandani tangu asubuhi. Nilitaka nimwone huyo Kapteni. Nilikuwa nimepanga maneno. Nitamwambia ni ya Mama yangu, nitamlipa kidogo kidogo, nitapiga magoti ikibidi. Akikataa, nitamwambia la maana.

Wakaja wasichana, wakachukua viatu vyao. Akaja kijana na kaptura. Halafu pikipiki ikasimama, na mkebe wa maziwa umefungwa nyuma. Akashuka Wafula.

Nilidhani anapita tu. Akaniangalia, akaangalia viatu vyake, kama kawaida yetu. Halafu akamwambia Dada Mnada, "Ni mimi Kapteni."

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilipiga kelele. Wafula naye akapiga.

"Ua la Langas ni wewe? Wewe?"

Kumbe Sarah, mke wake, ndiye hufuata huo mnada. Jumanne aliiona koti, akakimbia kumwita kutoka zizini. Wafula akaogopa itaangukia broka. Kwa nini hukunipigia? Kwa nini wewe hukunipigia? Tulirudia hilo swali kama wagonjwa. Dada Mnada akauliza kwani nyinyi ni wa nyumba moja, halafu akapanga mifuko yake haraka sana. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kwa bei ile ya mwisho tungemnunulia Mama koti mpya na viatu, akiwa hai.

Hilo nililisema kwa sauti. Nilitaka limuume. Liliniuma mimi.

Wafula alilipa, akaifunga koti juu ya mkebe wa maziwa, akaenda. Hakuaga.

Jumapili, 13 Julai

Sitaki kuandika. Kanisani mhubiri alisema juu ya ndugu. Nikatoka kabla ya sadaka.

Jumatano, 16 Julai

Chebet ananiambia kuna koti nyingine za kijani. Nimemjibu vibaya. Nimemwomba msamaha saa ya chai. Amesema hajakasirika, lakini hakunipa mandazi.

Alasiri nilikuwa nahesabu bawaba na nikakumbuka kitu. Baba alipokufa, Wafula alikuwa bado mdogo, na alikuwa anavaa kofia ya Baba ya kazi mpaka kwa kitanda. Mama akawa anamwita Kapteni. Sijui nilisahau vipi. Ijumaa ile niliandika na mkono wangu kwamba Kapteni hana haya.

Jumapili, 20 Julai

Mvua tangu asubuhi. Wafula amekuja.

Alibisha, akasimama mlangoni na chupa ya maziwa na mfuko wa plastiki. Nikamwambia ingia, unaingiza baridi. Akaingia. Nikachemsha hayo maziwa, nikaweka majani. Akauliza kazi. Nikauliza ng'ombe. Mmoja amezaa.

Akatoa koti, akaiweka juu ya meza.

"Imemkataa Sarah mabegani," akasema. "Nikafikiria wewe. Nyinyi mnafanana."

Nikasimama, nikaivaa. Mkono wa kwanza uliingia kwa nguvu. Wa pili ukakwama kwenye kiwiko, nikasukuma, ukaishia mbali na kifundo cha mkono. Mbele haikukaribia kufunga. Nilivuta, na kifungo cha kahawia na tundu lake hata havikuonana. Ile siku ya kugawa nguo, hakuna kati yetu aliyekuwa ameijaribu. Hata mnadani. Mafunzo yote ya Chebet, na hakuna aliyeuliza vipimo.

Wafula alikuwa ananiangalia, kikombe kimesimama hewani.

"Alikuwa mdogo hivi?" akauliza.

Mama huyu alibeba gunia za kabichi mpaka soko ya Soy. Alitubeba sisi wawili akivuka mto, mmoja mgongoni na mwingine kiunoni. Nilikuwa nataka koti ya mtu mkubwa sana.

Wafula alinisaidia kuivua, polepole, mkono mmoja kwanza, isipasuke. Ndani ya mfuko wa gunia la unga hakukuwa na kitu. Sote wawili tuliingiza mkono, mmoja baada ya mwingine, kuangalia.

Amekunywa vikombe viwili. Amesema atapita Jumapili ijayo kama mvua itaruhusu. Akiwa mlangoni nikamwambia, "Enda pole, Kapteni." Aliangalia viatu vyake, halafu akaniangalia.

Koti ameiacha. Hatukujadili. Nimeitundika kwa msumari nyuma ya mlango, nimefunga vifungo vyote, na kile cha kahawia.